Utepe wa Mheshimiwa

Mtambo ulifungwa kando ya uwanja wa ndege wa Kasese, ukajaribiwa, ukafanya kazi. Kisha Ahimbisibwe, mkuu wa kituo, akaurudishia nailoni yake na kuuzungushia utepe mwekundu. Bwana huyu hata kiti chake cha ofisini bado kimevaa nailoni ya dukani, akikaa kinalia. Kwake kitu kipya hakitumiki mpaka mkubwa aje akifungue, soda zinywewe.

Na kazi ya mtambo ni kutazama mawingu kutoka chini na kusema kama yamebeba maji yanayoganda yakigusa bawa la ndege, barafu ikaiangusha. Ukiwa umefunikwa gubigubi, utatazama nini?

Asubuhi ya sherehe, Shallon, mtaalamu wa hali ya hewa, aliona wingu zito limeukalia mlima Rwenzori. Mheshimiwa wa kukata utepe alikuwa anakuja kutoka Beni, upande wa Kongo, kwa juu ya mlima uleule, na rubani wake alikuwa Yosamu, mume wa Shallon.

"Bosi, tufungue sasa. Ndege iko njiani."

"Na mheshimiwa atafungua nini? Mama, hii ni Uganda. Barafu iko kwa friji."

Watu hemani wakacheka. Siku za jua, theluji ya Rwenzori inaonekana kutoka dirishani kwa bwana huyo. Shallon alimdharau kwa moyo wake wote. Akachukua mkasi wa sherehe, akakata utepe, akaichana nailoni.

"Wee! Wacha!"

Mtambo haukukawia: wingu lilijaa maji ya kuganda. Shallon akakimbilia redio.

"Yosamu, usipite juu! Barafu iko kwa wingu. Zunguka kusini, pitia Bwera, chini chini."

Yosamu akajibu: "Nimesikia. Bawa imeanza kuwa nyeupe. Ninageuka."

Shallon aliketi sakafuni akalia. Nje, Ahimbisibwe alikuwa anatafuta gundi.

Ndege ikatua salama. Mheshimiwa akashuka, akanyoosha koti, akautazama mtambo ulio wazi, akanuna.

"Nani amekata utepe yangu?"

Ahimbisibwe akamnyooshea Shallon kidole. Basi nailoni ikagundishwa, utepe ukapigwa fundo, mheshimiwa akaukata upya na kusifiwa kwa kujali usalama wa anga. Makofi yakapigwa. Shallon hakupiga. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Yosamu, na ilikataa kumwachia.