Sahani ya Ngazi Iliyofunikwa

Walimkalisha Bi Mkubwa kiti cha mbele kabisa, wakampa chupa ya maji baridi na mkoba wenye nembo ya kampuni. Akajua palepale kwamba kuna kitu wanakitaka kwake. Uzee ulikuwa umemnyang'anya meno, lakini pua ulimwachia.

Kampuni hiyo ya programu za simu ilizaliwa katika chumba chake cha uani. Enzi hizo mkurugenzi mkuu alikuwa mpangaji mwembamba mwenye kompyuta iliyofungwa kamba, akiitwa Ngazi kwa sababu alibadilisha taa bila kupanda kiti. Kodi ilipomshinda, alimwandikia Bi Mkubwa hisa. Bi Mkubwa alizipokea kama unavyopokea mchoro wa mtoto: unashukuru, unauweka juu ya kabati, maisha yanaendelea. Miaka ikapita, na lile kabati likaanza kuleta gawio. Likaezeka bati jipya, likamtoa mtoto wa jicho macho yote mawili. Hakuna siku aliyolala bila kumwombea Ngazi, na urefu wake wote.

Sasa, kwenye mkutano huu, bodi ilitaka mshahara wa Ngazi uongezwe mara tatu, na wanahisa walikuwa wameshikana mashati. Wenye hisa nyingi nusu walikuwa huku, nusu kule. Zilizobaki katikati ni za Bi Mkubwa.

"Mama, wewe ni wa upande wetu," mwenyekiti wa bodi alimnong'oneza, manukato yakitangulia. "Si mwanao huyu?"

"Ni mwanangu. Hata ulaji wake naujua."

Mwenyekiti akacheka, ingawa hakuelewa.

Mwanahisa mmoja akasimama nyuma, akauliza: wale mabinti na vijana wanaopokea simu za wateja, wanaotukanwa kutwa nzima, nyongeza yao waliyoahidiwa iko wapi?

"Itatazamwa mwakani, hali ikiruhusu," akajibu mwenyekiti.

Jukwaani Ngazi alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, lakini si vya kutazamwa muda wote ule.

Bi Mkubwa akakumbuka zamani. Nyumbani kwake wapangaji walikula sufuria moja, na sheria ilikuwa moja: hakuna kurudia kabla wote hawajapakuliwa. Ngazi ndiye aliyekuwa anafika mwisho, katoka kwenye vibarua vya kuvuta nyaya kwenye ofisi za watu, na kila mara alikuta sahani yake imefunikwa. Mpangaji mmoja aliwahi kuinyemelea. Akaonja mwiko badala ya chakula.

Lakini kumkatalia Ngazi ni kumkatalia aliyempa macho. Tena Bi Mkubwa hakuwa na mtoto mwingine. Kila Jumapili Ngazi alikuja, akala, akaosha sahani yake kama zamani. Akinuniwa leo, Jumapili atampikia nani?

"Wanaokataa, wanyooshe mikono."

Bi Mkubwa akanyoosha wake. Ule mkoba wa zawadi ukapanda nao, ukaning'inia hewani ukibembea. Watu wakacheka.

"Mama, nadhani umechanganya," mwenyekiti akasema taratibu. "Hii ni ya wanaokataa."

"Sijachanganya, baba. Macho haya kanipa yeye, yanaona vizuri tu." Akamgeukia Ngazi. "Mwanangu, wenzio hawajapakuliwa."

Hoja ikaanguka. Ngazi akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumwangalia.

Jumapili Bi Mkubwa alipika kama kawaida. Shoga yake wa nyumba ya pili alikuja kukaa naye, au tuseme alikuja kuchungulia.

"Yaani umemnyima mtoto wa watu mamilioni, halafu unamngoja na maharage?"

"Njia anaijua."

"Na kununa je, hajui?"

Saa ya kula ilipita, shoga akaenda zake. Bi Mkubwa akapakua sahani moja, akaifunika, akakaa akiitazama.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili aliposikia kishindo: paji la uso limegonga fremu ya mlango.

"Mlango wako bado una kisasi na mimi," Ngazi akasema, akijisugua.

"Inama."

Alikula mpaka katikati ya sahani. "Nilikasirika, Bi Mkubwa. Nilikasirika sana."

"Nilijua."

"Halafu nikakumbuka mfuniko." Akasukuma maharage kwa kijiko. "Nimewaambia bodi wale wa simu waongezwe kwanza, tena mwezi huu. Wamekubali. Yangu itangoja." Akachota kijiko kingine. "Asante kwa kunifunikia."

Bi Mkubwa alikuwa na shukrani zake, nyingi. Kilichotoka ni, "Sufuria bado ina kitu. Rudia."

Akarudia, akaenda kuosha. Bi Mkubwa alimtazama, mgongo mrefu umejikunja juu ya beseni, akamshukuru Mungu kwa macho haya na kwa aliyeyaleta. Kisha kwa macho hayohayo akaona doa ukingoni mwa sahani, akamrudishia aioshe upya.