Koti Lililookotwa Ufukweni

Sajini alilitoa koti kwenye mfuko wa nailoni akalitandaza mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto. Chumvi ya bahari ilikuwa imelikausha likawa gumu. Kitambaa cha jina kifuani kilikuwa kimenyofoka, umebaki uzi tu.

"Mwili uliokotwa ufukweni, watu wa kule wakauzika," alisema. "Walichotuletea ni hili. Litazameni vizuri. Atakayelitambua, kaburi lile ni la mtu wake, na jina litaandikwa."

Mama Kibonge hakungoja. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Vidole vyake viliingia ndani ya mkono wa koti, vikapapasa upindo hadi mwisho wa mshono. Pale uzi ulikuwa umerudishwa nyuma na kufungwa fundo dogo lililofichwa katikati ya mikunjo miwili, lisimkwaruze mvaaji. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa na muda wa kufanya hivyo.

"Mkono wangu huu," alisema. "Huyu ni mwanangu."

Sajini alivua kofia. Binti wa Mama Kibonge, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alimshika mama yake bega. Tangu meli iliyobeba askari izamishwe vitani walikuwa wakizunguka ofisi hadi ofisi, wakiambiwa njooni kesho, njooni wiki ijayo, mpaka mama akaacha kushona nguo za watu. Sasa alikuwa analia, na kilio chenyewe kilifanana na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Pole sana, mama. Alikuwa juu, basi," Sajini alisema. "Walioonekana ni wale waliokuwa juu ya sitaha. Waliokuwa vyumba vya chini… milango ilibanwa na maji. Hakutoka hata mmoja."

Binti aliinama amsaidie mama yake kulikunja koti. Ndipo alipouona ule upindo. Ulikuwa mpana kama kiganja. Mikono ya koti hili ilikuwa imepunguzwa.

Kaka yake hakuwahi kupunguziwa mikono maishani mwake. Walimwita Kibonge kwa utani tu, maana alikuwa mwembamba kama msumari na mikono yake haikwisha. Kila nguo yake mama aliishusha mpaka kitambaa kikaisha. Aliyepunguziwa alikuwa rafiki yake waliyemwita Jenerali kwa utani, kijana mfupi kuliko wote kikosini. Katika likizo yao ya mwisho Kibonge alikuja na wenzake, wakajazana sebuleni wamevaa fulana, mama akiwarekebishia makoti mmoja mmoja.

"Mama, nipunguzie sana," Jenerali alisema siku ile. "Adui atanikuta bado naitafuta mikono yangu humu ndani."

"Wewe adui hakuoni," Kibonge alimjibu. "Atadhani koti limeangushwa na mtu."

Mama alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Mama," binti alinong'ona. "Mikono."

"Nyamaza."

"Mama, imepunguzwa."

"Nimeshona mimi, nisijue?" Mama hakumtazama. Alilikumbatia koti kifuani. "Niache. Nataka mahali pa kwenda. Nataka pa kuweka mkono nikasema yuko hapa. Na wewe unataka kuninyang'anya?"

Sajini aliwatazama kwa zamu. Binti alihisi uso ukimwaka. Hata darasani chuoni alikuwa hawezi kunyoosha kidole.

"Labda waliazimana," alisema kwa sauti ndogo, akitamani iwe kweli.

"Mikono isingemfika," mama akajibu, akalishusha koti magotini.

Mlango uligongwa. Mwanamke mnene mwenye ndala alichungulia. "Samahani jamani. Nimeambiwa kuna koti. Mimi ni shangazi, ndiye niliyemlea. Natafuta kijana mfupi, hivi." Aliweka kiganja usawa wa bega lake, akajaribu kutabasamu. "Wenzake wanamwita Jenerali, eti. Jenerali wa sisimizi."

Binti alifungua mdomo, lakini mama yake alikuwa ameshasimama. Alimwendea yule mwanamke, akalinyoosha koti mbele yake, akampitishia mkono mmoja aone unapofika, kama anavyompima mteja.

"Ni huyu wako, dada," alisema. "Nilimpunguzia mwenyewe. Amezikwa vizuri. Alikuwa juu."

Shangazi alilipokea, akaketi chini sakafuni na koti lake. Mama Kibonge alipiga magoti, akamfuta machozi kwa upande wa kanga yake, akimwambia maneno yale yale aliyokuwa ameambiwa yeye dakika chache nyuma. Kisha akamgeukia Sajini.

"Na wangu?"

Sajini aliivaa kofia yake, akaivua tena.

"Kama hakuonekana juu, mama…"

"Kule chini kuna kina gani?"

"Kirefu."

"Si watu wanazamia? Si kuna vyombo? Mtafungua lini ile milango?"

"Nendeni nyumbani kwanza. Tukipata chochote tutawaita."

"Chochote kama nini?" mama aliuliza. Aliiegemea ile meza kwa mikono miwili. "Niambie, mwanangu. Kama nini?"

Sajini alimtazama binti, akiomba msaada. Binti alimshika mama yake kiunoni kumvuta, lakini vile vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza, ikabidi aanze kuvibandua kimoja kimoja.