Mafuta ya Mabuu

Mume wangu Chola aliitaka kazi ya kudumu kwenye maabara ya mifugo, akaitaka mpaka akakubali kufuga mabuu wa nzi ndani ya mkono wake. Mkubwa wake alikuwa Citoyen Kalenga, yaani "raia", maana miaka ile serikali ilikuwa imelikataza neno "monsieur", bwana. Citoyen alitaka kujua mabuu wanayafanyia nini mafuta tunayokula sisi. Buu akishatoka mwilini hali tena. Anajifukia mchangani, na mafuta aliyojiwekea ndiyo yanayomgeuza nzi. Basi Chola akatiwa mabuu sita na kupewa dumu la mawese, anywe asubuhi na jioni. Siku ya kumi mabuu wangepimwa, naye angeandikwa kazi.

Siku ya saba mkono ulikuwa umevimba, kila jipu na tundu lake. Mchana alilala akilia. Mwanamke gani wa mtaa wetu wa Kampemba angevumilia? Nilifanya walivyofanya mama zetu: nikapaka mawese juu ya matundu. Buu akikosa hewa anachungulia. Nikawaminya wote sita, nikawaponda kwa kucha, na kusema kweli nilifurahi.

Chola alipoamka alinipiga kofi.

"Ni kazi yangu umeponda, weye muke!"

"Nilikuwa naona unaumia."

"Nani alikutuma?"

Mkono ukatunga usaha, ukawa haufai tena. Citoyen Kalenga hakukasirika hata kidogo. Alimwambia tu, "Uko na muke. Munakula sahani moja, hapana?"

Jumamosi nilifua. Kwetu nguo iliyoanikwa nje haivaliwi bila pasi, hata chupi, kwa kuwa nzi hutaga humo na moto ndio unaoua mayai. Chola aliitoa blauzi yangu kwenye kamba, akaitandaza kwenye mchanga nyuma ya choo kutwa nzima, kisha akaniletea.

"Vaa. Pasi iko na kazi gani?"

Nilielewa. Nilivaa, kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia.

Baada ya siku kumi walitoka mabuu kumi na mmoja mgongoni kwangu, wanono. Chola akaandikwa kazi, nami nikadhani yamekwisha.

Jumatatu iliyofuata akarudi na habari: sasa Citoyen anataka mabuu wa mtu asiyeonja mafuta kabisa, awalinganishe. Mapaja yangu bado mazima. Tangu siku hiyo mume wangu mwenyewe ndiye anayenipakulia bukari, ugali wetu, kwa chumvi tu, na anakaa mbele yangu mpaka nimalize.