Nyekundu ya Nini?

Karatasi ya nne niliikunja mwenyewe kabla Dadi hajaniambia niichane. Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na kalamu, nimechoka na hiyo sifa ya uandishi niliyoitafuta kwa jasho.

Dadi ni Hawabai, mama wa baba yangu. Miaka hamsini anauza khanga na vitenge hapa Mikindani, na mwaka wa pili huu haoni kitu. Nilipomzaa mwanangu Mehwish, Dadi alimpapasa uso, akashusha pumzi. "Vidole haviniambii kitu," akasema. "Wewe si mwandishi, Amreen? Niandikie huyu mtoto, unisomee. Nataka nimwone kabla sijafa." Nikajisemea, kazi ya dakika kumi hiyo. Hadithi zangu mbili zimetoka gazetini, nitashindwa na uso wa mwanangu?

Nikashindwa. Nilimsomea malaika, nikamsomea ua lililochanua alfajiri na mashavu yenye haiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo ni nani?"

"Mehwish, Dadi."

"Huyo ni mtoto wa kwenye kalenda. Andika tena."

Nikaongeza lulu na asali. Akapiga miayo. Hasira zikanipanda, nikamwambia wasomaji wangu wa Dar es Salaam hawalalamiki.

"Wao hawamtafuti mtoto humo," akasema.

Basi nilipokuwa naikunja hiyo ya nne, aliingia mteja dukani, mama mmoja wa Madimba, akataka khanga nyekundu. "Nyekundu ya nini?" Dadi akamuuliza, kama anavyowauliza wote. "Ya nyanya? Ya udongo? Damu ya mzee?" Yule mama akafikiri, akasema ya pilipili iliyokauka. Dadi akanyoosha mkono rafu ya pili, akaitoa bila kubabaika. Nilimwonea wivu, sikufichi.

Mteja alipoondoka, Dadi aliniambia niikunjue ile karatasi nimsomee.

"Mtoto mzuri," nikasoma, "mzuri wa sura, mzuri wa..."

"Amreen." Aliinua kiganja. "Muuzaji akikisifia kitambaa mara tatu, mimi hukikunjua chote, maana kuna tundu. Kizuri chajiuza. Huyu mbona unamtembeza?"

Kila mtu anajua methali hiyo inavyomalizika. Ilinichoma.

"Mwanangu si mbaya!" nikafoka. Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti bibi yangu.

"Sijasema mimi. Maneno yako ndiyo yanayosema."

Nikalia. Mume wangu Haider alikuwa ametuapisha nyumba nzima kwamba Dadi asiambiwe, atasononeka. Nami nilikubali upesi mno, kwa sababu hata mimi sikutaka kulisema.

"Ana alama usoni," nikasema. "Alizaliwa nayo."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Akangoja. Nilijua anangoja nini, nikakasirika tena, ila safari hii nilimtazama mwanangu aliyelala kando yangu badala ya karatasi.

"Damu ya mzee," nikasema. "Akilia inakoza. Inaanzia chini ya jicho la kushoto, upana wa vidole vyangu viwili, inateremka shavuni ikipanuka, inaishia kwenye pembe ya mdomo. Kingo zake hazikunyooka, kama chapati iliyomegwa kwa mkono. Haikuvimba, ndiyo maana vidole vyako havikuipata."

"Mlete."

Nikampakatisha. Dadi aliinama, akambusu chini ya jicho la kushoto, akateremka shavuni polepole, busu kwa busu, akaishia kwenye pembe ya mdomo. Hakukosea popote.

Tangu Mehwish azaliwe, wageni wote wenye macho yao wamekuwa wakimbusu shavu la kulia. Hata mimi.