Vitanda vya Bwana Mdudu

Seremala alijitolea kuwafuatilia wale mbawakawa wa kigeni wanaotoboa miti, kwa ajili ya binti yake. Binti na mumewe walikuwa na shamba la miparachichi, ndilo lililowalisha na kuwasomeshea watoto, na kila mti uliokutwa na mdudu yule ulikatwa ukachomwa moto pamoja na miti ya jirani. Wenye simu waliombwa wampige picha wakimwona, waitume, alama nyekundu itokee kwenye ramani ya wote. Mzee akaivalia njuga kazi hiyo hadi majirani wa karakana wakambandika jina Bwana Mdudu.

Asubuhi moja alifungua ramani akinywa chai, akakuta alama mpya. Akatabasamu: watu wanafanya kazi. Akatazama tena, tabasamu likamkauka. Nyumba ya mwalimu. Nyumba ya wale maharusi. Hosteli ya wauguzi. Kote huko hakuna mti wa maana, lakini kote alikuwa amepeleka kitanda.

Mbao za bei chee alizoundia vitanda hivyo, alizozisifia kwa kila mpita njia, zilikuwa zimeegemea ukuta. Akaugeuza ubao wa kwanza. Upande wa nyuma ulijaa vitundu vya kuingia sindano, na unga laini ukamshika vidoleni. Siku zote hizo alikagua miti ya watu barabarani, shingo ikimuuma kwa kutazama juu. Mbao zake mwenyewe hakuwahi kuzigeuza. Kitanda cha mwisho alimpelekea binti yake.

Akampigia simu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kile kitanda kiko wapi?”

“Nilitaka nikupigie. Kizuri, ila kuna kitu kinatafuna ndani, na chini kinamwaga unga.”

“Fungeni mlango na madirisha, asiingie mtu. Nakuja na mafuta ya taa.”

“Usijisumbue, hakimo ndani. Mkweo kasema ni unyevu tu. Tangu juzi tumekitoa kipigwe jua.”

“Mmekitoa wapi?”

“Shambani, katikati ya miti. Baba? Unanisikia?”

Alimsikia. Akakaa juu ya zile mbao. Angeweza kusema kichomeni, mnyamaze, na nani angejua?

“Mwanangu,” akasema, “kakague miti iliyo karibu nacho. Ukimwona yule mdudu, piga picha uitume.”

Binti alijua picha hiyo inawaleta akina nani, na mashoka yao.

“Baba,” akasema, “nishamwona.”