Chokaa Tumboni mwa Daraja

Malaria ilimlaza Spès siku chache tu. Aliporudi kazini alikuta daraja limepakwa chokaa mpaka tumboni.

Yeye ndiye mhandisi aliyepewa kazi ya kuliokoa. Tangu vita vianze, malori mazito yalikuwa yakilipita kati ya mtaa wa Ngagara na mjini, na boriti zake za zege zilikuwa zimeanza kupasuka. Kujenga jipya, nani angejenga huku bunduki zinalia milimani? Ndipo ikaletwa kwa ndege mikanda ya nyuzi za kaboni, myembamba kama mkanda wa suruali, ya kubandikwa kwa gundi kali chini ya boriti ili izisaidie kubeba mzigo. Sharti lilikuwa moja: zege likwanguliwe libaki tupu na safi, la sivyo gundi haishiki. Spès na mafundi walikuwa wamelikwangua mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Sasa mikanda ilikuwa imebandikwa juu ya chokaa.

"Nani alisema mupake?" Spès alimuuliza Birindwa, fundi mkuu.

"Ni chef, mama. Alisema wageni wanakuja, chini kunaonekana kubaya. Mi nilikataa, akasema atanifukuza."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Hyacinthe, mkuu wa kazi, ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apake chokaa: miti, mawe ya kando ya barabara, na sasa hata mahali panapoonwa na vyura tu. Upumbavu wa namna gani huu!

Spès aliugonga mkanda kwa nyundo. Ulilia kama debe tupu. Akaenda kumkabili Hyacinthe damu ikimchemka.

"Chef, haikushika. Tuibandue, tuanze upya. Malori yasipite."

"Spès, mutoto wangu, gundi ni gundi, colle ni colle. Kesho iko fête ya wageni. Kisha tutaona."

Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha ipi? Hyacinthe alikaa Kiriri, mtaa wa wakubwa, hakuwa na haja na daraja lile. Mama yake Spès alilivuka kila asubuhi na kapu lake la nyanya, malori yakimpita ubavuni.

Kesho yake zikapigwa ngoma, zikasomwa hotuba. Wageni wakateremshwa chini ya daraja waione kazi. Juu, lori lililosheheni maharagwe lilikuwa limewasha injini, likisubiri ishara, na nyuma yake wachuuzi wa Ngagara wakisubiri kuvuka.

"Mikanda hii," alisema Hyacinthe, kifua mbele, "itabeba hata wajukuu wetu!"

Hapo Spès hakuvumilia tena. Alipanda jukwaa la mafundi lililokuwa chini ya boriti, akapenyeza kisu kwenye ncha ya mkanda, akavuta kwa mkono mmoja. Ulibanduka wote kama ganda la ndizi, ukamwangukia begani. Upande wa gundi ulikuwa mweupe pe kwa chokaa.

Wageni walisogea kuutazama. Hyacinthe alicheka kicheko kikavu.

"Ni huo mumoja tu. Ingine iko sawa."

"Basi chef, kuja usimame hapa chini," Spès alisema kwa sauti iliyofika juu barabarani. "Lori ipite."

Hyacinthe alitazama lile tumbo jeupe la daraja. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye jua.

Huko juu, dereva alizima injini.