Mikono Aliyoificha Mwalimu

Mwezi wa tatu ulipokwisha, Annet Shivachi alikuwa hawezi tena kufungua chupa ya maji bila kuibana katikati ya magoti. Alikuwa msusi katika Soko la Toi, na miaka kumi na miwili ya kusuka nywele za watu tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa imemlia vifundo vya mikono. Vidole gumba vilikufa ganzi. Kitana kilimponyoka mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili akamwambia mteja kwamba ni mafuta.

Lakini si kusuka kulikomtia hofu. Hofu yake ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi alifundisha yoga katika ukumbi mmoja wa Laini Saba, Kibera, bure kwa yeyote aliyetaka. Shirika moja dogo lilikuwa limemfunza kwa miezi tisa na kumpa cheti, na tangu hapo watu wa mtaa waliacha kumwita Annet wa nywele, wakamwita Mwalimu. Jina hilo lilimkaa vizuri. Hata mama yake akipiga simu kutoka nyumbani aliuliza, "Mwalimu ameamkaje?"

Sasa mwalimu wa yoga asiyeweza kusimamia mikono yake ni mwalimu gani? Basi akaificha. Akaanza kuzunguka katikati ya wanafunzi badala ya kuwaonyesha mazoezi. "Leo nataka niwaangalie nyinyi," alisema, na watu wakamsifu kwamba anawajali. Alivaa sweta ya mikono mirefu hata jua likiwaka, vifundo vilivyovimba visionekane.

Mwezi wa nne akaja mwanafunzi mpya, Filister Nalianya, ambaye wote walimwita Mama Elvis. Alikuwa na miaka hamsini na minane na alifua nguo za watu Kawangware. Alitoka huko kwa miguu, akapitia Ngong Road, akafika ukumbini kabla ya wengi wanaoishi hapo karibu. Hakuwa na mkeka; alitandika leso yake ya kujifunga. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwenye viungo kwa sababu ya maji baridi ya miaka mingi. Jumamosi ya tatu alikuja na wanawake wawili wanaofua pamoja naye, akawaketisha nyuma na kuwaambia watazame kwanza.

Siku hiyo walifika kwenye zoezi wanaloliita mbwa: viganja na nyayo chini, makalio juu, kama mbwa anayejinyoosha akitoka usingizini. Filister aliweka viganja, akakunja uso, akaviondoa. Kisha, bila kuuliza mtu, akashuka kwa viwiko na kuendelea hivyo hivyo.

Annet alimwona. Aliona kile alichokuwa akikificha kwenye sweta kimewekwa wazi pale sakafuni, na akashikwa na hasira ambayo hata baadaye hakuweza kueleza ilitoka wapi.

"Mama Elvis," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima, "kwani mikono umeiacha Kawangware?"

Watu wakacheka. Filister naye akacheka kidogo, jinsi mtu anavyocheka asionekane ameudhika.

"Inauma kiasi, Mwalimu."

"Kila mtu anaumwa. Hapa hatulali. Viganja chini, tuhesabu kumi."

Filister akaweka viganja. Mikono yake ilitetemeka hadi mabegani. Annet akahesabu, naye akahesabu polepole. Alijua anahesabu polepole. Alipofika saba alisikia mama yule akivuta pumzi kwa meno, na bado hakuharakisha nane.

Somo lilipokwisha Filister alikunja leso yake, akasema, "Asante, Mwalimu," akatoka na wenzake wawili. Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Wala ile nyingine.

Wiki ya tatu, lile shirika lililomfunza Annet likaleta wageni wanne wenye kamera. Ukumbi ulijaa. Mgeni mmoja, mama mwenye heshima zake, alimwomba Mwalimu awaonyeshe zoezi la kunguru, lile la kuinama, kuegemeza magoti juu ya mikono, na kuinua miguu ili mwili wote ubebwe na viganja viwili. Zamani Annet angelifanya huku akiongea.

Angeweza kukataa. Kamera ilikuwa inamtazama, na watu arobaini walikuwa wameanza kumpigia makofi. Akavuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole, akachutama, akaegemea mbele. Miguu ilipoachana na sakafu tu, kitu kama moto kilimpita kutoka kiganjani hadi kiwikoni, mkono wa kulia ukakunjika, naye akaanguka kwa kidevu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Sakafu ina maji," alisema akiwa bado chini.

Omolo, mzee anayetunza ukumbi, alikuwa amesimama mlangoni. "Maji gani, Mwalimu?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nimepangusa mwenyewe saa moja. Imekauka kitambo."

Tabby, muuza chapati ambaye hakuwahi kukosa somo, akaja kumwinua. Alipomshika mkono, Annet alipiga kelele. Tabby akavuta sweta juu, akaona kifundo, akatazama na cha pili.

"Ai! Kumbe ni mikono? Imeanza lini?"

"Mwezi wa tatu," Annet alinong'ona.

Tabby alikitazama tena kifundo. "Na Mama Elvis alikuja mwezi wa nne," akasema. Aliuachilia mkono taratibu, akaenda kukunja mkeka wake.

Jumatatu Annet akapanga foleni hospitalini. Mtaalamu wa viungo, bwana wa makamo aitwaye Gikonyo, alimbonyeza vifundo, akamgonga kwa ncha ya kidole, akamwambia kwamba neva ya mkono inabanwa pale inapopita kifundoni. Alimpa mikanda miwili ya kufunga vifundo, yenye kipande cha chuma ndani, ya kuvaa akilala na hata mchana maumivu yakizidi.

"Kazi yako ni gani?"

"Kusuka."

"Na mazoezi unafanya?"

"Yoga kidogo."

"Sawa. Usiache, lakini usiweke uzito kwenye kiganja kilichokunjwa. Tumia ukuta. Tumia ngumi. Ama ushuke kwa viwiko, ni sawa kabisa." Gikonyo alikuwa akiandika huku akiongea. "Kwani mwalimu wenu hajawaambia?"

Annet alitazama viatu vyake. "Hajatuambia," akasema.

Alitoka pale na mikanda kwenye mkoba. Usiku hakulala vizuri, na kesho yake aliwakataa wateja watatu. Alhamisi akavaa mikanda yote miwili, juu ya sweta, akashika njia ya Kawangware. Tabby alikuwa amemwelekeza: ulizia ploti ya Wakarima, nyumba za kupanga nyuma ya kanisa la mabati.

Alimkuta Filister uani akikamua blanketi. Hakulikamua kwa vidole. Alilizungusha kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akapitisha mkono ndani ya ncha zake hadi kiwikoni, kisha akaegemea nyuma kwa mwili wote, maji yakachuruzika. Aliona mgeni, akaona mikanda, akaendelea na kazi.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante, Mama Elvis. Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

Annet alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Sasa yalimpotea. "Wa siku ile. Niliwafanya watu wakucheke."

"Watu kucheka si neno. Mimi huchekwa na wenye nguo kila siku." Filister aliegemea tena. "Niliwaleta wenzangu. Niliwaambia kuna dada yetu wa kwetu kule Kibera, anafundisha mambo ya mwili, pengine mikono yetu itapata nafuu. Tulirudi na mimi nikibebewa leso. Sikuweza hata kuishika."

Annet hakuwa amelijua hilo.

"Kuna jambo lingine," alisema, kwa kuwa alijua asiposema wakati huo hatasema kamwe. "Hii mikono yangu ilikuwa imeshaanza. Kabla hujakuja. Nilijua unavyosikia."

Filister akaacha blanketi. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukahesabu vile."

"Ndiyo."

Annet alitamani atukanwe, atoke mbio, aseme alau alitukanwa. Filister hakumtukana. Alimpa ncha moja ya blanketi, akamwonyesha namna ya kupitisha mkono hadi kiwikoni, wakaegemea pamoja, mmoja huku na mwingine kule, hadi likaisha maji.

"Nimesikia," Filister alisema walipolianika. "Sisemi yameisha. Na kule Laini Saba sirudi." Akajipangusa mikono kwenye nguo. "Wale waliocheka, umewaambia?"

"Bado."

"Waambie."

Jumamosi aliwaambia. Alisimama mbele na mikanda yake, akasimulia yote, hata ile saba na nane. Wengine waliinamisha macho. Mbuthia, fundi wa viatu aliyekuwa amecheka kuliko wote siku ile, alikohoa akatazama dirishani. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti sasa mgonjwa atawafundisha nini, akachukua mkeka wake, na wanne wakamfuata. Waliobaki Annet aliwapeleka ukutani. Ulikuwa ukuta wenye rangi inayobanduka, wakatoka na viganja vyeupe. Hakuna aliyemsifu siku hiyo, naye hakutarajia.

Jumanne simu yake ililia akiwa anasuka. Alikuwa Filister.

"Tabby ameniambia umewaambia," alisema bila salamu ndefu. "Huku kwa ploti tuko wanawake saba, na hakuna aliye na mkono mzima. Wakarima mwenye ploti amekubali tutumie uani Alhamisi saa nane, tukishaanika. Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

Alhamisi walikuwa saba kweli, miguu peku, sketi zimelowa kwenye mapindo. Wale wawili wa siku ile walikuwa mbele. Hawakuitikia tabasamu lake.

"Huyu anaitwa Annet," Filister aliwaambia. Hakusema Mwalimu. "Ana mikono kama yetu. Mengine atawaambia mwenyewe kabla hatujaanza."

Akaketi chini pamoja na wengine, akangoja. Annet alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akafungua mdomo, akaanza tena tangu mwezi wa tatu.